Acheni Kutuhubiria Kuhusu Uanahabari, Tufunzeni Kazi

Leo tuongee kuhusu makongamano ya uanahabari kwenye vyuo vikuu. Najua kuna mtu anasema, "Hiyo inanihusu aje, mimi nasomea uhasibu." Subiri kidogo. Kama ulijua kilichokuwa ndani ya Mswada wa Fedha wa 2024 kwa sababu ya video uliyotazama kwa simu, basi inakuhusu.

Bango lenyewe unalijua. Kila semista linabandikwa karibu na maktaba na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: "Uanahabari wa Kisasa: Kazi na Changamoto Zake." Kuna picha tatu za wageni: mtangazaji wa TV mwenye suti kali, mhariri aliyestaafu, na afisa wa mawasiliano kutoka ofisi fulani ya serikali. Saa nane kamili, maana yake saa tisa na nusu. Maombi, wimbo wa taifa, itifaki, salamu za mkuu wa idara, salamu za mkuu wa kitivo, halafu wageni wanaanza. Changamoto ya kwanza ni mitandao ya kijamii. Ya pili ni habari feki. Ya tatu ni akili unde. Ya nne, ukisikiza vizuri, ni mimi.

Eeh, mimi. Kijana mwenye simu na stendi ya mia tano. Sikuhitimu; niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na hata sikuwa nasomea uanahabari. Lakini hizi lekcha za wazi mimi huhudhuria, kwa sababu kila wiki nafungua kamera na kueleza watu wa rika langu mambo ya bajeti, miswada na maamuzi ya korti. Jukwaani wanaita hiyo kontenti. Wanaonitazama wanaiita habari. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliiweka Kenya juu kabisa kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi zilizochunguzwa, kwa hivyo upende usipende, tuko hapa na hatuendi popote.

Shida yangu na haya makongamano ni moja. Yanachagua changamoto rahisi na kuruka zile ngumu. Kijana mwenye simu ni changamoto rahisi, maana hayuko jukwaani kujibu. Zile ngumu ni pesa, hofu, na ile kazi yenyewe ya kujua jambo ni kweli au si kweli. Mwanafunzi anatoka ukumbini na cheti cha kuhudhuria, lakini hajui atalipwa vipi, hajui afanye nini akipigiwa simu ya vitisho, na hajawahi kuona mtu akithibitisha video hata moja.

Tuanze na pesa. Beshte yangu mmoja huandikia gazeti kutoka kaunti ya mbali. Hana mshahara. Analipwa kwa kila habari inayochapishwa, na isiyochapishwa ni hasara yake. Nauli ya boda ni yake, bando ni lake, lanchi ni yake. Akitaka kuandika kuhusu zahanati isiyo na dawa, anatumia siku mbili na pesa zake. Gavana akizindua barabara, anabebwa kwa gari la kaunti, analishwa, na jioni anapewa "nauli" ndani ya bahasha. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mwisho wa mwezi, habari za dawa zitakuwa ngapi, na za kuzindua barabara ngapi?

Huyu beshte yangu anajua maadili. Alifanya mtihani wa maadili akapita. Kinachomsumbua ni kodi ya nyumba. Na kwenye hayo makongamano yote nimeenda, sijawahi kusikia mgeni akitaja malipo ya habari moja ni shilingi ngapi. Ukiuliza, mshereheshaji anacheka, anasema hiyo tutaongea baadaye kwa chai. Chai yenyewe ni ya wageni.

Juu ya hiyo hesabu ndogo kuna hesabu kubwa. Vyombo vya habari vyetu vililelewa na matangazo ya biashara, na matangazo yakahamia kwa simu. Mwaka wa 2016 Nation Media Group ilitangaza kufunga QTV na Nation FM. Tangu hapo kupunguza wafanyakazi kumekuwa kama msimu wa mvua. Ukiona mawingu unajua inakuja. Serikali nayo ni mmoja wa watangazaji wakubwa kabisa nchini. Machi 2024 iliagiza matangazo yake ya redio na TV yapelekwe KBC. Huhitaji digrii kuelewa maana yake. Mtu anayeweza kukunyima chakula hahitaji kukukataza kuongea. Mhariri ataanza kujikataza mwenyewe, pole pole, hadi siku moja asikumbuke kwamba aliwahi kuuliza maswali.

Hapa sitawaacha wenzangu wa mitandaoni nje, kwa sababu pesa hiyo hiyo inatuharibu na sisi. Mnajua vile kunaendaga: mtu anatumiwa hashtegi, saa ya kuposti na maneno ya kuandika, kisha M-Pesa inalia. Kufikia jioni jina fulani linatrendi na wewe unadhani nchi nzima imekasirika. Hii si mambo ya juzi. Kampuni ya Cambridge Analytica ilifanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi za Kenya za 2013 na 2017, wakati wengi wetu tulikuwa bado na yunifomu ya primary. Kwa hivyo ripota mwenye bahasha na kijana mwenye hashtegi ya kulipiwa ni ndugu wa toka nitoke. Badala ya kukaa jukwaani mkitubagua, wekeni swali moja mbele ya wote: nani amekulipa, na umemwambia msomaji?

Twende kwa hofu. Hili ndilo jambo mshereheshaji hulizima haraka kwa kusema, "Tusiingilie siasa." Lakini siasa ndiyo imeingilia kazi yenyewe. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV, KTN na Inooro. Mahakama ikaagiza zirudishwe, na bado siku kadhaa zikapita watu wakitazama skrini nyeusi. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kukumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza TV na redio zisirushe maandamano moja kwa moja. Mitambo ya vituo kadhaa, vikiwemo NTV na KTN, ikazimwa, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo. Siku hiyo watu walifanya nini? Walitoa simu mfukoni. Ile "changamoto ya mitandao ya kijamii" ndiyo iliyobaki ikionyesha barabara.

Halafu kuna Albert Ojwang. Alikuwa mwalimu na mwanablogu. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, na kesho yake alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema kwanza kwamba aligonga kichwa ukutani. Wataalamu waliofanya upasuaji wa maiti wakasema majeraha yake hayalingani na hadithi hiyo. Ojwang hakuwa na kadi ya uanahabari. Hakuwa na mhariri wa kumpigia wakili, wala kampuni ya kutoa taarifa usiku huo. Alikuwa na akaunti tu, kama mimi, kama wewe unayesoma hii.

Kwa hivyo mnaponiambia kwamba changamoto ya uanahabari ni vijana wasio na mafunzo, mimi nauliza: basi mafunzo yako wapi? Nani amewahi kuwaambia wanafunzi, achilia mbali sisi wa nje, ufanye nini polisi wakikuita kituoni? Umpigie nani kwanza? Utunze vipi video yako isifutwe? Umlinde vipi mtu aliyekupa stori? Kifungu cha 34 cha Katiba kinakataza serikali kumwingilia mtu yeyote anayesambaza habari kwa njia yoyote. Soma hapo tena: mtu yeyote, njia yoyote. Hakikusema mwenye suti kali peke yake. Wakili mmoja akieleza kifungu hicho kwa dakika 20, na jinsi ya kukitumia ukiwa mbele ya OCS, hiyo lekcha nitalipia kiingilio.

Sasa ile ya tatu, kazi yenyewe, na hapa naongea na waunda maudhui wenzangu zaidi ya maprofesa. Wageni wale wakisema tunaposti kabla ya kuhakikisha, hawajakosea. Kumbukeni usiku wa 25 Juni 2024, Githurai. Milio ya risasi ilirekodiwa kwa simu, tuliisikia sote. Kabla jua lichomoze, idadi ya waliokufa ilikuwa inazunguka X na TikTok, kila akaunti na nambari yake. Nambari hizo zilitoka wapi? Kujua ukweli wa usiku kama ule kunahitaji mtu aende Githurai asubuhi, aulize majirani mlango kwa mlango, aende hospitali, aende mochari, akae na familia, aandike majina. Inachukua siku. Inakula nauli. Haina likes. Na ukitoa nambari ya uongo, unampa anayetaka kuficha mauaji zawadi kubwa, kwa sababu ataonyesha uongo wako mmoja na kusema yote yalikuwa uongo, hata yule mtu mmoja ambaye kweli alizikwa.

Hiyo ndiyo sababu nasema tunauhitaji uanahabari, na si kidogo. Lakini tunauhitaji kama fundi anavyohitaji vifaa. Mahubiri tumeshiba.

Mfano upo. Aprili 2025 BBC Africa Eye walitoa filamu ya Blood Parliament kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. Walichambua picha zaidi ya 5,000, wakazipanga kwa saa na mahali, wakatafuta nani alikuwa ameshika bunduki na alikuwa amesimama wapi. Onyesho lililokuwa limepangwa Nairobi likasitishwa, lakini filamu ikatazamwa mtandaoni kila mahali. Jiulize, hizo picha zilipigwa na nani? Nyingine zilipigwa na wanahabari waliokuwa pale, na nyingine na vijana wenye simu, wale wale wa changamoto nambari nne. Bila wao hakungekuwa na ushahidi. Bila wachambuzi wavumilivu, ushahidi ungebaki video za kulia nazo usiku. Kazi moja, mikono miwili.

Timu hiyo hiyo ilifanya kitu kingine 2018. Kulikuwa na video ya wanajeshi wakiwaua wanawake na watoto, na serikali ya Kameruni ikaiita habari feki. Wachambuzi wakachukua mstari wa milima unaoonekana nyuma, wakaulinganisha na picha za setilaiti hadi wakapata mahali penyewe, kaskazini mwa Kameruni. Wakapima vivuli vya watu kama saa ya jua ili kujua ilikuwa kipindi gani cha mwaka. Wasee, milima na vivuli! Vitu ambavyo kila mmoja wetu anaweza kujifunza kuviangalia akiwa na kompyuta ya saiba. Sasa niambie kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakaa saa tatu kwenye kongamano akiambiwa "habari feki ni hatari", na hakuna hata mtu mmoja anayefungua laptopu kumwonyesha kivuli.

Kuna wale wataniambia, lakini wanahabari waliosomea wana maadili, nyinyi hamna. Kwa heshima zote, maadili hayatoki kwenye cheti. Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2, gazeti la New York Times, lenye wahariri wa kila aina, lilichapisha picha ya maiti za watu waliouawa pale. Waliopiga kelele ya kwanza walikuwa Wakenya wa kawaida mtandaoni, waliouliza kama lingefanya hivyo kwa maiti za Wamarekani. Siku hiyo wasomaji ndio walitoa lekcha. Simaanishi vyuo vifungwe. Shule ya uanahabari ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko tangu 1970 na imetoa watu waliotufungua macho. Namaanisha tu kwamba hekima haiko upande mmoja wa ukumbi, na ukumbi uliopangwa kama kanisa, mmoja juu na mia tatu chini wakiitikia, unaficha hilo.

Sasa nisilalamike tu. Nina pendekezo, na ni la bei rahisi kuliko zile keki za wageni.

Kongamano lijalo, punguzeni itifaki iwe dakika tano. Jukwaani wekeni ripota anayelipwa kwa kila habari, mpiga picha aliyewahi kumwagiwa vitoza machozi, wakili, mtu wa kuthibitisha habari kutoka mahali kama PesaCheck au Africa Check, na ndiyo, muunda maudhui mmoja ambaye ataulizwa maswali makali kama wengine. Swali la kwanza kwa kila mmoja: unalipwa na nani? Saa ya pili, chukueni video moja inayozunguka wiki hiyo, ukumbi mzima uithibitishe pamoja kwenye skrini kubwa. Mkishindwa, mtakuwa mmejifunza kwamba kusema "sijui bado" ni sehemu ya kazi.

Saa ya tatu, andikeni barua. Hii ndiyo naipenda zaidi. Tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huhitaji kadi ya uanahabari. Hulipi kitu kuomba. Afisa ana siku 21 za kukujibu, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ana saa 48. Akikunyima, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Sheria hiyo iko, na wengi wetu tunajua zaidi kuhusu kanuni za monetaizesheni za YouTube kuliko kuihusu.

Kwa hivyo chagueni kitu kimoja kilicho karibu na geti la chuo. Soko lililoanza kujengwa likaachwa. Taa za barabara zilizolipiwa na haziwaki. Zahanati iliyozinduliwa na haina nesi. Andikeni: mkataba ulikuwa shilingi ngapi, nani alilipwa, lini, kazi ilifaa kuisha lini. Pigeni muhuri wa kupokelewa. Hesabuni siku. Siku ya 22 rudini ukumbini ule ule, na jibu likiwa limekuja au halijakuja, mna habari. Jibu ni habari. Kimya pia ni habari, maana sasa ni kimya chenye tarehe na muhuri.

Mimi nitakuwa pale na stendi yangu ya mia tano, nitawasaidia kueleza. Mwanafunzi wa uanahabari atakagua sentensi zangu kabla sijaposti, na mimi nitamfunza jinsi ya kueleza mkataba wa kurasa 40 kwa sekunde 90 bila mtu kupitisha video. Hapo hakuna atakayeuliza nani mwanahabari wa kweli. Tutakuwa tunabishana kama tarakimu iko sawa, na huo ndio ubishi unaofaa.

Kama uko kwenye klabu ya uanahabari ya chuo chako, tuma hii kwa mwenyekiti wako. Na mkimwalika yule ripota wa kaunti ya mbali aje kuwaambia ukweli, tafadhali mlipieni nauli ya kuja na kurudi. Iandikeni kwa kitabu, mpeni risiti, na msiitie ndani ya bahasha.